Jinsi ya kusoma namba za ongezeko la watu: Kigoma, Tabora na dunia nzima kwa kikokotoo cha simu

Kigoma watu wanazaa, hilo hakuna anayebisha. Sasa mbona sensa ya 2022 imeonyesha Kigoma ni kati ya mikoa iliyokua taratibu kabisa Tanzania, asilimia 1.5 tu kwa mwaka, wakati sisi majirani zao wa Tabora tumekua kwa asilimia 3.9? Ukiweza kujibu hilo swali bila kubabaisha basi Japani, Ujerumani, China, Niger, zote utazielewa, maana hesabu ni ile ile na maswali ni yale yale, kinachobadilika ni ukubwa wa namba tu.

Haya naandika kwa ajili ya vijana wa fomu faivu na siksi wanaokariri maelezo ya ongezeko la watu bila kugusa hesabu hata moja, lakini pia kwa yeyote anayekaa kwenye kamati ya kata au shule na kuletewa makaratasi ya takwimu asaini. Vifaa ni simu yenye kikokotoo, karatasi na kalamu. Basi.

Kwanza pata namba mbili za eneo lile lile

Hapa ndipo watu wengi wanaharibu mapema kabisa. Namba moja peke yake haikuambii kitu kuhusu kukua, unahitaji ya zamani na ya sasa, na eneo liwe halijabadilika mipaka katikati. Kwa Tanzania chanzo ni Sensa ya Watu na Makazi, tumefanya 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Majedwali yanatolewa na NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na yako wazi kwa mtu yeyote mpaka ngazi ya kata.

Andika hizi:

Tanzania nzima: 2012 watu 44,928,923, mwaka 2022 watu 61,741,120
Tabora: 2,291,623 halafu 3,391,679
Kigoma: 2,127,930 halafu 2,470,967

Mipaka nimesema kwa sababu. Kasulu ilimegwa ikatoka Buhigwe, Kibondo ikatoa Kakonko, Kigoma vijijini ikatoa Uvinza, na huku kwetu Urambo ikaizaa Kaliua. Sasa mtu anachukua Urambo ya sensa ya 2002 anailinganisha na Urambo ya 2022 halafu anaandika ripoti kwamba watu wamekimbia. Hawajakimbia bwana, wako Kaliua! Kwa mikoa ni hivyo hivyo, Katavi ilikuwa ndani ya Rukwa, Geita nayo imekusanywa kutoka mikoa ya jirani. Ukiona namba imeshuka ghafla au imeruka ghafla, kabla hujatafuta sababu za kisayansi angalia ramani kwanza.

Na kwa Kigoma ongeza jambo moja, kambi za wakimbizi. Nyarugusu ipo tangu 1996, Nduta nayo ilikuwepo Kibondo wakati wa sensa ya 2022, hao ni watu wengi sana, kwahiyo soma maelezo madogo chini ya jedwali ujue kama wamo kwenye hesabu au hawamo, na kama kwenye sensa zote mbili wamehesabiwa kwa mtindo mmoja.

Piga hesabu ya kasi, usigawanye kwa kumi

Tabora imeongezeka kwa asilimia 48 ndani ya miaka kumi. Wengi hapo wanagawa 48 kwa 10 wanasema 4.8 kwa mwaka. Sio. Watu wanaozaliwa mwaka huu kesho na keshokutwa nao wanazaa, na anayehamia leo anahesabiwa kwenye msingi wa mwaka unaofuata, ongezeko linakaa juu ya ongezeko kama riba ya vikoba isiyotolewa.

Njia sahihi: laza simu ubavu, kikokotoo kitafunguka vitufe vingi. Gawa namba mpya kwa ya zamani. Tabora 3,391,679 ÷ 2,291,623 inakupa 1.480. Sasa una njia mbili. Ya kwanza ipandishe kwa kipeo cha 0.1 (kwa sababu miaka ni kumi, ingekuwa kumi na mbili ungetumia moja gawanya kwa kumi na mbili) utapata 1.040, toa 1, ni asilimia 4.0. Ya pili bonyeza kitufe cha ln (logi asilia, sio kile cha log) kwenye ile 1.480, utapata 0.392, gawa kwa 10, ni asilimia 3.9. NBS wanachapisha 3.9 maana wanatumia hiyo ya logi. Nimeona watu wanagombana kwenye grupu kwa sababu ya hiyo pointi moja, mmoja anamwita mwenzake mwongo, kumbe wote wako sawa wametumia kanuni tofauti. Chagua moja ubaki nayo mpaka mwisho.

Kigoma: 1.161, logi yake 0.149, gawa kumi, asilimia 1.5. Tanzania nzima: 1.374, inakuja 3.2.

Ukishapata kasi, chukua 70 ugawe kwa hiyo kasi utajua ni miaka mingapi watu wanakuwa mara mbili, kama kasi haibadiliki. Tabora 70 gawa 3.9 ni kama miaka 18. Tanzania miaka 22. Kigoma miaka 47. Dunia kwa sasa inakua kwa kama asilimia 0.9, kwahiyo miaka karibu 78. Ni kadirio tu la kukupa picha ila kwa kazi ya kupanga madarasa na visima linatosha kukuamsha usingizini.

Kasi na idadi ni vitu viwili, usivichanganye

Hiki kipengele ndio kinawafunga watu midomo kwenye ubishi wa kijiweni. Miaka ya 1960 dunia ilikuwa inakua kwa kasi ya zaidi kidogo ya asilimia 2, ndio kasi kubwa kuliko zote zilizowahi kuonekana. Leo ni 0.9. Mtu anasikia hivyo anasema ongezeko limeisha. Haya piga: wakati ule watu walikuwa bilioni 3 na kidogo, asilimia 2 yake ni milioni sitini na kitu kwa mwaka. Leo tuko zaidi ya bilioni 8 (Umoja wa Mataifa uliweka tarehe ya kutimia bilioni 8 kuwa 15 Novemba 2022), asilimia 0.9 yake ni milioni 72. Kasi imeshuka zaidi ya nusu, lakini watu wanaoongezeka ni wengi kuliko wakati ule.

India na Niger ni hivyo hivyo. India inakua kwa chini ya asilimia 1 lakini kila mwaka inaongeza watu zaidi ya milioni 10, wakati Niger inakua kwa zaidi ya asilimia 3 na ongezeko lake la mwaka halifiki milioni moja. Nani anakua zaidi? Inategemea umeuliza kasi au umeuliza vichwa, na mwandishi wa habari akitaka kukutisha atachagua ile inayotisha.

Sasa tafuta sababu: waliopanda, walioshuka

Njia ni tatu tu, watu wanazaliwa, wanakufa, wanahama au kuhamia, hakuna ya nne. Na hapa ndipo lile swali la Kigoma linajibiwa.

Fanya hivi. Jiulize, kama Kigoma ingekua kwa kasi ya nchi nzima ingekuwa na watu wangapi? Chukua 2,127,930 zidisha kwa 1.3742, unapata kama 2,924,000. Sensa imekuta 2,471,000. Pengo ni kama watu 453,000. Tabora fanya vivyo hivyo, 2,291,623 mara 1.3742 ni kama 3,149,000, sensa imekuta 3,392,000 hivi, ziada ya watu kama 243,000.

Hilo pengo haliwezi kuwa la uzazi mdogo. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015-16 ulikuta kanda yetu hii ya magharibi, Kigoma na Tabora, wastani uko juu ya watoto 6 kwa kila mwanamke, wakati wastani wa nchi ulikuwa 5.2. Na vifo vya watoto vimeshuka sana kote nchini, mwaka 2004-05 kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa 112 walikuwa hawafikishi miaka mitano, mwaka 2022 ni 43. Kwahiyo Kigoma wanazaliwa wengi na wanaobaki hai ni wengi, kilichobaki ni mlango wa kutokea. Watu wa Kigoma kuondoka sio habari mpya jamani, tangu enzi za manamba walikuwa wanachukuliwa kwenda kwenye mashamba ya mkonge Tanga, siku hizi wanakwenda Katavi, Dar, na huku huku kwetu. Na Tabora inapokea, kuna ardhi, kuna tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge, kuna wafugaji wanaoshuka na ng'ombe kutoka Usukumani. Ukipiga msongamano, Tabora ina watu kama 45 kwa kilomita moja ya mraba, Kigoma kama 67 ukihesabu nchi kavu peke yake (ukichanganya na eneo la ziwa utapata namba ndogo ya uongo, samaki hawahesabiwi).

Sitasema watu 453,000 wamehama Kigoma kamili kabisa, hapana, hilo ni kadirio la pembeni la kukuonyesha upande, hesabu yenyewe ya uhamaji inatoka kwenye maswali ya sensa ya ulizaliwa wapi na ulikuwa wapi kabla. Ila upande hauna utata.

Halafu weka Kilimanjaro pembeni ya Kigoma. Kilimanjaro imekua kwa asilimia 1.3, Kigoma 1.5, karibu sawa kabisa. Mtu anayeangalia kasi tu atasema hii mikoa inafanana. Haifanani hata kidogo! Kilimanjaro wanazaa wachache, chini ya watoto 4 kwa mwanamke kwenye utafiti ule ule, na pia wanatoka. Kigoma wanazaa wengi na wanatoka wengi. Ukipanga wodi ya wazazi kwa kutumia ile kasi ya ukuaji peke yake Kigoma utawaumiza, maana akina mama wanaojifungua wapo tele, wanaoondoka ni watu wazima tena wa nguvu.

Na usisahau Dar. Imekua kwa 2.1, chini ya Tabora! Watu wanashangaa kweli wakisikia hivyo. Ila Pwani imekua kwa zaidi ya asilimia 6, ndio huko jiji linakomwagikia, mtu anafanya kazi Kariakoo analala nje ya mkoa, sensa inamhesabu anapolala.

Toka nje ya nchi na maswali yale yale

Ujerumani ni Tabora iliyokosa watoto. Tangu 1972 kila mwaka vifo vimekuwa vingi kuliko vizazi, lakini idadi yao imetoka kama milioni 78 mpaka zaidi ya milioni 83, wahamiaji ndio wamejaza. Bulgaria imepigwa kote, vizazi vichache na vijana wanaondoka, ilikuwa karibu milioni 9 mwishoni mwa miaka ya 1980, sensa yao ya 2021 imekuta milioni 6.5. Nchi za Ghuba ni uhamiaji mtupu, Umoja wa Falme za Kiarabu karibu watu tisa kati ya kumi ni wageni. Japani imefunga mlango kwa muda mrefu na watoto hawapo: mwaka 2023 walizaliwa kama 727,000 na kufa kama 1,576,000, toa mwenyewe uone. Korea Kusini mwaka huo huo walifika watoto 0.72 kwa mwanamke, wakati ili kizazi kijirudishie chenyewe inatakiwa kama 2.1. Tanzania sisi utafiti wa 2022 umetupa 4.8.

Kwa mabara picha iko hivi. Mwaka 1950 Afrika nzima ilikuwa na watu kama milioni 228 na Ulaya kama milioni 549, yaani walituzidi zaidi ya mara mbili. Leo Ulaya ni kama milioni 745, Afrika tumeshafika kama bilioni 1.5. Asia bado ndio yenye watu wengi kuliko wote, bilioni 4.8 hivi, ila kasi imeshuka sana, na China yenyewe ilianza kupungua 2022 halafu 2023 India ikaipita. Amerika ya Kilatini pamoja na Karibi ni kama milioni 660 na wao uzazi umeshuka chini ya ile 2.1. Kwahiyo ongezeko lililobaki duniani liko zaidi Afrika kusini mwa Sahara na sehemu ya Asia ya Kusini. Umoja wa Mataifa mwaka 2022 uliorodhesha nchi nane zitakazobeba zaidi ya nusu ya ongezeko lote mpaka 2050: Kongo ya Kinshasa, Misri, Ethiopia, India, Nigeria, Pakistani, Ufilipino na Tanzania. Ndio, tumo. Na Kongo ipo hapo ng'ambo ya ziwa, kwahiyo ukisimama Ujiji uko katikati ya nchi mbili za orodha hiyo.

Kuhusu sababu za uzazi kushuka mahali fulani na kukaa juu mahali pengine nitapita haraka maana vitabu vimejaa: wasichana kukaa shule muda mrefu, watoto kuacha kufa, dawa za uzazi wa mpango kupatikana, maisha ya mjini ambapo mtoto ni gharama badala ya mkono wa shambani. Bangladesh walikuwa karibu watoto 7 mwanzoni mwa miaka ya 1970, sasa wako kwenye 2 hivi, na hawakusubiri kutajirika kwanza. China walitumia nguvu, sera ya mtoto mmoja tangu 1980 mpaka mwisho wa 2015, na sasa wanabembeleza watu wazae hawataki.

Angalia umri, hapa ndio siri ilipo

Kama una muda wa kufanya hatua moja tu fanya hii. Tafuta asilimia ya walio chini ya miaka 15. Tanzania kwenye sensa ya 2022 ni kama asilimia 43. Umri wa kati wa Mtanzania (nusu ya watu wako chini yake, nusu juu yake) ni kama miaka 18, Mjapani ni karibu 49. Maana yake hata kama kesho asubuhi kila mwanamke Tanzania akiamua watoto wawili tu basi, watu wataendelea kuongezeka kwa miongo kadhaa, kwa sababu wasichana watakaokuwa akina mama wameshazaliwa, wako darasa la pili sasa hivi. China uzazi ulishuka chini ya 2.1 mwanzoni mwa miaka ya 1990 lakini idadi ikaendelea kupanda mpaka 2021. Miaka thelathini nzima!

Umri pia unaharibu ulinganisho wa vifo. Ukichukua vifo kwa kila watu 1,000, Japani ni kama 13, Tanzania ni kama 6. Mtu atakurupuka aseme sisi tuna afya kuliko Wajapani. Hapana, wao wazee ni wengi, sisi watoto ni wengi, na mzee hufa kuliko mtoto hata akitibiwa vizuri namna gani. Ukitaka kulinganisha afya tumia umri wa kuishi au vifo vya watoto chini ya miaka mitano, hiyo ya kwa kila 1,000 iache kwa ajili ya kupiga ongezeko: vizazi toa vifo, ndio ongezeko la asili, kinachobaki ni uhamaji.

Makadirio ya mbele

Utasikia dunia itafika kilele cha kama bilioni 10.3 miaka ya 2080 halafu ianze kushuka, ndivyo Umoja wa Mataifa ulivyokadiria 2024. Utasikia Tanzania karibu milioni 130 mwaka 2050. Usiipokee namba ya namna hiyo bila kuijaribu. Chukua 61,741,120 zidisha kwa 1.032 kwa kipeo cha 28, hiyo ndiyo kasi ya sasa ikiendelea bila kubadilika. Unapata kama milioni 149. Wao wanasema 130. Hao karibu milioni 20 wa katikati ni dhana tu, kwamba uzazi utaendelea kushuka kutoka hiyo 4.8, na ni dhana nzuri kwa sababu umekuwa ukishuka, lakini ni dhana. Kila makadirio yana dhana ya uzazi, ya vifo na ya uhamaji, na kadiri eneo linavyokuwa dogo ndivyo uhamaji unavyotawala: kwa dunia nzima uhamaji ni sifuri (hakuna aliyehamia mwezini), kwa nchi nyingi ni kidogo, kwa mkoa ni mkubwa kama ulivyoona Kigoma, kwa kata unaweza kuwa ndio kila kitu, mgodi ukifunguliwa au bei ya tumbaku ikianguka tu namba zote zinapinduka. Ndio maana makadirio ya kata ya miaka ishirini mbele mimi huwa nayaangalia kwa jicho moja.

Sasa chukua wilaya yako upige mwenyewe. Ukipishana na jedwali la NBS kwa pointi moja ya desimali (0.1), ni ile tofauti ya kanuni, endelea tu. Ukipishana kwa asilimia nzima rudi kwenye ramani uangalie mipaka.